Mbegu Zangu Ziko Ng'ambo: Nimrudishe Mke Wangu au Angoje?

Mama Conjesta, mshauri wetu, shikamoo. Nina shida ambayo siwezi kumwambia mtu hapa kijijini, maana hapa ukimwambia mtu mmoja umewaambia na ng'ombe wake, na safu yako ya gazetini niliikuta Tunduma imefungiwa maandazi, nikaisoma yote mpaka penye mafuta, nikaona wewe ndiye mtu wa kutunza siri, basi nisaidie kabla mavuno hayajaisha.

Mimi ni mfugaji, Msukuma, tulihamia bonde hili na mifugo yetu nikiwa kijana na sasa niko Mbangala, zizi langu ni la kueleweka, na sipendi kujisifu lakini ukanda huu wote mtu akiwa na ng'ombe wasioshika mimba ananiita mimi, nafika, naangalia, namwambia badilisha dume, anabadilisha, na mwaka unaofuata ndama wanajaa mpaka anasahau kunishukuru. Kwa hiyo usinichukulie kama mtu asiyejua mambo ya uzazi.

Mke wangu wa kwanza, Rosemary, nilimwoa kutoka Mlowo, binti wa Kinyiha wa watu wa kahawa, tukakaa miaka bila mtoto, mama yangu akasema tumbo la huyu ni kavu, wazee wakakaa kikao, tukamrudisha kwao, na mimi nililia kidogo lakini nilikubali kwa sababu wazee ni wazee. Basi mwaka juzi nikapita Mlowo nikitoka mnadani, nikamwona dukani kwa mume wake mpya anapima unga, mtoto mmoja yuko mgongoni, mwingine ameshika kanga yake, na tumbo liko mbele linatangulia. Akaniuliza hali ya mama, kwa heshima kabisa. Nilirudi nyumbani nawaza njia nzima, na mwisho nikaona kwamba Mlowo kuna baridi, na baridi inasaidia kushika mimba.

Sasa niko na Stamili, ambaye baba yake ni mfugaji wa hapa hapa bondeni, na huyu nampenda Mama Conjesta, nasema wazi, ni mwanamke anayejua kwamba nikinyamaza nina njaa na wala si hasira. Naye hajapata mtoto. Mama anamletea dawa ya mizizi, kikombe kila asubuhi, akinywa anatapika, na mama anasema kutapika ndiyo dalili dawa inafanya kazi. Amekonda mpaka pete imehama kidole.

Ila yale ya Rosemary hayakunitoka kichwani, kwa hiyo nikaaga naenda Mbeya kutafuta dawa ya kupe, nikaingia hospitali. Kupimwa kwenyewe sitakueleza, maana nilipewa kikopo na chumba, nikamaliza nikiwa siwezi kumwangalia mtu usoni. Daktari ni kijana anaitwa Asajile, akaniambia ameangalia na kurudia kuangalia, hakuna hata mbegu moja. Nikamwambia haiwezekani daktari, jogoo wangu anapanda mtungi bila kusukumwa. Akasema, "Baba, kuwika ni jambo moja, vifaranga ni jingine."

Wakachukua na damu, ikapelekwa mbali, majibu yaliporudi akanikalisha akanichorea kwenye karatasi, akasema kila mtu ndani ya mwili ana maelekezo ya urithi yanaitwa jeni, na kuna fungu moja la maelekezo hayo ambalo mtoto wa kiume anapewa na baba yake tu, sasa kwenye fungu langu kuna kipande hakipo, na hicho kipande ndicho kinachouelekeza mwili namna ya kutengeneza mbegu, kimekosekana toka naumbwa tumboni, si laana, si kurogwa, wala si ugoro. Nikauliza kipande hicho kinauzwa wapi. Akasema hakiuzwi.

Hapo ndipo akanieleza kwamba kuna wataalamu ng'ambo wanaochunguza ugonjwa huu, wanachukua ngozi kidogo ya mwanamume kama mimi, wanairudisha nyuma mpaka inakuwa seli changa kabisa ambayo bado haijaamua itakuwa ngozi au moyo au nini, wanaziita seli shina, halafu wanazipandikiza kwenye korodani za panya waone zitafika wapi katika safari ya kuwa mbegu. Akaniuliza kama niko radhi kutoa ngozi kwa ajili ya utafiti. Mama Conjesta, wewe hukai huku, lakini sisi tuna miaka tunayoikumbuka ambayo watu waliuawa wakachunwa ngozi, na mpaka leo ukilitaja neno hilo kilabuni watu wanaangalia mlango. Ila mimi niliposikia mbegu nikanyoosha mkono hapo hapo. Wakakata kipande kama punje ya mtama, wakabandika plasta, na nyumbani nikamwambia mama nimechomwa na mwiba wa boma.

Sasa mambo haya kwangu si mageni. Afisa mifugo alishawahi kutuletea mbegu za dume la kisasa ndani ya mirija, zimetoka mbali, zimekaa kwenye chombo cha baridi kinachofuka moshi, ng'ombe akapandikizwa na ndama akazaliwa ana sura ya kigeni kabisa. Kwa hiyo mimi nikaelewa mara moja kwamba za kwangu zinalelewa huko ng'ambo ndani ya panya, zikikomaa zitafungwa kwenye mrija zitumwe, na kwa kuwa mizigo mingi ninayoiona inapita Tunduma, nikasema nisije nikakutwa sijajipanga, nikaenda Tunduma kutafuta wakala wa kutoa mizigo.

Nikampata mmoja anaitwa Zabron, kibanda chake kiko pale malori yanapopanga foleni ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia. Akaniuliza, "Mzigo wa aina gani, mzee?" Nikasema mbegu. "Za mahindi?" Nikasema hapana, za dume. "Aa, ng'ombe. Hiyo inataka kibali cha mifugo. Dume la aina gani?" Nikababaika, nikasema la Kisukuma. Akaweka kalamu chini akanitazama. "Mzee, dume la Kisukuma unalo zizini kwako, linakula bure. Unaliagiza ng'ambo la nini?" Wale akina mama wanaobadilisha kwacha walikuwa wamekaa mlangoni, wakacheka mpaka mmoja akasema "mwebantu", yaani jamani kwa Kibemba, huku anajifuta machozi, nami nikasema basi kijana, andika mzigo binafsi, akajibu kwamba mzigo binafsi ni kitu kama televisheni. Nikaondoka.

Daktari Asajile nimempigia simu mara nyingi kumuuliza zimefikia wapi, naye kila siku ananijibu, "Baba, ule ni utafiti, si matibabu." Nimeelewa kwamba anaogopa kuongea kwenye simu.

Shida yenyewe ni hii. Mama ameniita akasema, "Mwanangu, mavuno yakiisha huyu naye arudi kwao. Nimeshakuonea mwingine." Huyo mwingine anaitwa Angel, ndio kwanza ametoka kidato cha nne, na baba zangu wadogo wameshakubali kuja kukaa kikao. Stamili alikuwa nje anapepeta mtama, akayasikia yote. Tangu siku ile anakunywa dawa vikombe viwili badala ya kimoja.

Mimi siwezi kusema ukweli, nielewe. Nikisimama mbele ya wazee nikasema tatizo ni langu, nani ataniita tena zizini kwake nikamchagulie dume? Kwa hiyo naomba unishauri, nimwambie Stamili avumilie bila kumwambia anavumilia nini, au nimwache arudi kwao, nimwoe huyo Angel, ili mbegu zikifika zimkute mtu ambaye bado ana umri mbele yake? Na jingine linalonikosesha raha, mtoto atakayepatikana, yule panya hana sehemu yake? Sitaki nilee mtoto halafu nimkute usiku anatafuna magunia.

Ni mimi,
Baba Mtarajiwa, Mbangala.

MAMA CONJESTA ANAJIBU

Baba Mtarajiwa, marahaba. Majina yote nimeyabadilisha, ingawa mtu aliyenichagua mimi, mwandishi wa gazeti, kuwa mtunza siri wake, sijui kama alikuwa anataka kufichwa au anataka kukamatwa. Nilipofika kwa Zabron nilicheka mpaka wenzangu hapa ofisini wakaja kuuliza kuna nini. Nilipofika kwenye vikombe viwili niliacha kucheka, na tangu hapo nimekukasirikia, kwa hiyo kaa vizuri.

Tuanze na panya, maana naona ndiye anayekunyima raha kuliko mkeo. Nimemtafuta daktari wa uzazi nikamsomea barua yako, naye amenieleza polepole. Panya ni uwanja wa majaribio tu. Hachangii mtoto, hazai mtoto, wala hakuna mtoto. Zile seli zikishapandikizwa ndani yake hazijafika kuwa mbegu kamili, zinaishia hatua za mwanzo, na zile zinazotokana na wanaume wenye pengo kama lako zinaonekana chache kuliko za wengine. Wataalamu wakilinganisha hivyo wanaona ni wapi safari ya mbegu inakatika na ni kwa sababu ya kipande gani. Ni kazi kubwa, na huenda siku moja ikawafaa vijana ambao leo hawajazaliwa. Ila hakuna mrija unaofungwa kwa jina lako, hakuna chombo kinachofuka moshi kiko njiani, na Zabron hana cha kukutolea mpakani. Daktari Asajile haogopi simu, mwanangu. Anakwambia ukweli na wewe unamtafsiria.

Jambo moja nitakusifu, halafu sifa zimekwisha. Kutoa ngozi yako, katika sehemu ambayo neno lenyewe linawatia watu hofu, ulifanya la kiungwana, hata kama ulidhani unapanda shamba. Kuna kijana siku moja atakaa mbele ya daktari na kuambiwa mengi zaidi ya ulivyoambiwa wewe, kwa sababu watu kama wewe mlinyoosha mkono. Pale hospitali ulikuwa na ujasiri. Ulipofika nyumbani ukageuka mwiba wa boma.

Sasa nikuulize wewe bingwa wa ukanda mzima. Jirani akikuita, ukakuta ng'ombe wake wamekaa misimu mingi bila mimba, na mmoja aliyemuuza kijiji cha pili ameshazaa ndama watatu, utamwambia auze na waliobaki? Utamwambia huko kijiji cha pili kuna baridi? Ungemcheka. Rosemary alikujibu pale dukani mbele ya macho yako, mtoto mgongoni, mtoto kwenye kanga, na bado ukashika njia kurudi Mbangala ukiichunguza hali ya hewa. Hujakosa akili. Akili unayo nyingi sana, ila ukifika mlangoni kwako unaivua na viatu.

Na huyo Rosemary, unaandika kwamba ulilia kidogo. Yeye alirudi kwa wazazi wake akiwa na jina la tumbo kavu, akapita nalo kanisani na sokoni, mpaka Mungu alipompa mwanamume asiyesikiliza maneno ya watu. Hukumtendea haki, na wakati ule hukujua, nakubali. Kwa Stamili unajua. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo inayonifanya nikuandikie kwa ukali huu.

Unajua, na kila asubuhi unamtazama anakunywa kikombe cha ugonjwa ulio mwilini mwako. Anatapika kwa ajili yako. Anakonda kwa ajili yako. Alipomsikia mama yako akipanga kumrudisha, mwanamke huyu hakugombana, hakuvunja chungu, aliongeza kikombe, maana anadhani hajajitahidi vya kutosha. Na wewe ulikuwa hapo, umeshiba ukweli wote, unatafuta anwani ya gazeti uniandikie mimi. Baba Mtarajiwa, hata mizizi ina sumu yake, na figo za mtu hazioti tena. Mwanamke huyu anaweza kufa hujamaliza kupanga maneno.

Unauliza nani atakuita zizini tena. Nitakwambia mimi. Atakuita kila mwenye ng'ombe, kwa sababu ng'ombe wake hawataki kujua umezaa wangapi, wanataka dume zuri, na jicho la kulichagua hujanyang'anywa na jeni yoyote. Watakucheka? Watacheka, wiki mbili tatu, kilabuni patachangamka. Kisha litatokea la mtu mwingine. Mimi nimekaa kwenye safu hii siku nyingi na sijawahi kuona kicheko cha kijiji kikimaliza msimu. Wala kukosa mbegu si kukosa uanaume, hayo mawili tumeyafunga kamba moja wenyewe, na wanawake ndio wanaoburuzwa nayo.

Kuhusu Angel, mwache. Mtoto wa watu ametoka shule juzi, anawaza maisha, hajui kwamba kuna zizi linamngoja aje kunywa mizizi baada ya mwenzake. Ukimwoa, miaka michache mbele nitapata barua nyingine, na mama yako atakuwa ameona binti wa nne.

Haya, sikiliza la kufanya, na usilipangue upendavyo kama ulivyozipangua simu za daktari. Kesho asubuhi, kikombe kikiletwa, kichukue wewe ukimwage, mbele ya mama. Akishtuka, mwambie kwa adabu kwamba dawa ile ilikuwa inapelekwa kwa mgonjwa asiyehusika, na kwamba utamweleza, ila kuna mtu mwenye haki ya kusikia kabla yake. Kisha mchukue Stamili pembeni, nyinyi wawili tu, umwambie kila kitu, Mbeya, kikopo, karatasi, ngozi, hata ya Tunduma. Ya Tunduma usiiruke. Huenda akacheka, na kama bado anaweza kucheka na wewe, umebahatika kuliko unavyostahili.

Mpeleke hospitali akaangaliwe mwili kwa sababu ya zile dawa, siku hiyo hiyo kama usafiri upo. Kisha nendeni wote wawili kwa Daktari Asajile, mkamuulize yale uliyokataa kuyasikia. Atawaeleza wapo wanaopata mtoto kwa mbegu za mtu mwingine kwa ridhaa ya wote, na kwamba hayo yanatakiwa yafanyike hospitali na si vichochoroni. Atawaeleza pia kwamba kama siku moja ingepatikana mbegu ya kwako ikazaa mtoto wa kiume, angeweza kurithi pengo lile lile. Ustawi wa jamii watawaeleza namna ya kuasili mtoto kisheria, na wapo watoto wanaosubiri. Hayo ni mazungumzo ya watu wawili, si kikao cha baba wadogo.

Kikao kikija, kiache kije. Stamili akae ndani ya kikao na si nje na ungo. Wewe ndiye uanze kusema, kabla mzee yeyote hajakohoa. Na Mlowo tuma mtu mzima mwenye heshima zake aende kwa wazazi wa Rosemary, awaambie binti yao alirudishwa bila kosa. Usiende mwenyewe dukani kumtazama tena, mume wake ana kazi za kufanya.

Uliniuliza kama Stamili avumilie bila kujua au arudi kwao. Mimi nasema ajue, halafu achague yeye. Akilia, usimwambie anyamaze. Akikutukana, pokea. Akisema anabaki, mshukuru, na usimkumbushe kamwe kwamba alibaki. Akisema anaondoka, usimwekee wazee njiani. Msindikize mwenyewe mpaka nyumbani kwao, na ukifika mlangoni kwa baba yake, kabla hujakaribishwa kiti, useme kwa sauti ambayo majirani wataisikia kwamba binti yao ni mzima, na mwenye kasoro ni wewe.

Mama Conjesta